Naomba ukweli mchungu kuhusu ngoma yangu, tafadhali msiniambie "iko moto"

kaskazi_124

Salaam wadau. Niko Lamu, Mkomani, miaka 24, nafanya muziki wa kompyuta huu mwaka wa tatu, yaani house lakini nachanganya na midundo ya kwetu. Sijasomea popote, ni YouTube tu usiku bando likiwa rahisi. Vifaa ni leptopu ya mkono wa pili yenye ram 4, programu ya FL Studio, hedifoni ambayo sikio la kushoto linasikika ukiukunja waya kwa namna fulani, na wufa ya nyumbani, ile yenye spika mbili ndogo na boksi moja kubwa. Nafanyia chumba cha juu nyumba ya babu, nyumba ya mawe ya zamani, meza imeegemea ukuta mrefu na boksi la wufa liko chini ya meza. Nina projekti arobaini na kitu kwenye folda, nilizomaliza ni tatu. Tatu wallahi.

Shida yangu ni kwamba kila ninayemchezea ananiambia moto. Nikikaa na masela pale Mkunguni natoa simu nawawekea, wanatikisa vichwa, moto bro, moto sana, halafu mtu anauliza chai iko wapi. Nikimtumia mtu WhatsApp anarudisha kile kialama cha moto hata dakika haijaisha na ngoma ni dakika sita, sasa umesikiliza nini hapo?

Sasa mwezi jana kuna rafiki yangu ni dijei kwenye hoteli moja ya ufuoni Malindi akaniambia lete hiyo ngoma niiweke Jumamosi. Nikavuka Mokowe asubuhi nikapanda basi, nimevaa shati la Idi. Usiku watu wamejaa, Wataliano, vijana wa mjini, wote wanacheza, ikaingia ngoma yangu. Dakika ya kwanza watu wamesimama wanangoja. Dakika ya pili besi ikaingia ikaanza kunguruma kama jenereta, glasi zinatetemeka kwenye kaunta na hakuna anayesikia kitu ila mvumo tu, yule dijei akanitazama, mi nikatazama baharini. Akaitoa hata nusu haijafika. Baadaye akaniambia "ilikuwa poa tu, ni watu wa leo". Ni rafiki mwema ila hapo ndipo alipoharibu maana nimerudi Lamu sijui nirekebishe nini.

Ngoma inaitwa Kaskazi, BPM 124 (mapigo 124 kwa dakika), ufunguo ni B maina, dakika 6 na sekunde 40. Inaanza na kiki peke yake (kiki ya ngoma wajameni, sio kiki za wasanii wa Bongo), halafu haihati (zile sahani za ts ts ts), besi inaingia dakika 2 na sekunde 4. Kuna pembe za vugo, ngoma ya harusi za kwetu ya kugonga pembe, nilizirekodi kwa simu kwenye harusi ya binamu yangu nikazikatakata nikazipanga sawasawa kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu. Kuna nzumari pia, mzee mmoja alinipigia, hiyo nikaisahihisha na plagini (kiprogramu cha kunyoosha noti) maana noti zake zilikuwa hazikai kwenye ufunguo. Nilitaka niongeze na matari ya maulidi mwishoni lakini bado.

Swali langu ni hili, tatizo ni miksi, au ni ngoma yenyewe, au ni mimi? Semeni tu sitakasirika. Nitakasirika kidogo lakini nitanyamaza. Faili ni MB 16, mniwie radhi kwa bando zenu.


Mshtuko001

moto sana bro


kaskazi_124

Umenisoma lakini? Hata kichwa cha habari?


Mshtuko001

haha pole. basi mi naona ununue vifaa, huwezi toboa na wufa ya sebuleni. tafuta MacBook na spika za studio zile za ukweli halafu ndo uulize watu


FundiMitambo_MLD

Kijana usiende kununua chochote kwanza, nisome.

Mimi ni mtu wa mitambo, nakodisha spika za harusi na mikutano hapa Malindi huu mwaka wa kumi na tano. Ngoma yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza na hedifoni na mara ya pili nimeifungulia kwenye spika zangu za kazi nje ya stoo mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikarudi kusoma maelezo yako, na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Aliyekuponza ni nyumba ya babu yako.

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu, na sababu yake ni boriti. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko na boriti ya mkoko haina urefu wa kumfurahisha mtu, kwa hiyo waashi wa zamani waliishia kwenye upana wa kama mita 2.8 hivi wakaacha chumba kirefuke tu. Kwa kulala ni raha. Kwa besi ni balaa, maana una kuta mbili nene ngumu zinazotazamana kwa karibu, na sauti nene ikitoka kwenye boksi inagonga ukuta wa huku inarudi, inagonga wa kule inarudi, zinakutana. Kuna sauti moja ambayo nusu ya wimbi lake ni sawasawa na upana wa chumba. Hiyo ikipigwa inajaa kwenye kuta na katikati ya chumba inakufa. Yaani inakufa, si kupungua.

Tupige hesabu. Kwa joto letu la digrii 30 sauti hukimbia kama mita 349 kwa sekunde. Nusu wimbi mita 2.8, wimbi zima mita 5.6. Gawa 349 kwa 5.6 upate 62. Kwa hiyo sauti inayokufa katikati ya chumba chako ni ya kama Hz 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde.

Na wewe umesema ngoma iko kwenye B. Noti ya B ya chini kule kwenye besi ni Hz 61.7. Umeona? Meza ukutani, boksi chini ya meza ukutani, kiti nyuma ya meza, kwa hiyo kichwa chako kimekaa katikati ya chumba kama msumari. Noti ya nyumbani ya besi yako huisikii, ukaipandisha, hukuisikia, ukaipandisha tena. Nimepima, hapo kwenye Hz 60 umezidisha desibeli kama 9 kuliko ngoma nyingine za aina hii nilizo nazo. Wewe kwako ilikuwa sawa kabisa. Ulipoileta huku kwenye spika kubwa, uwanja wazi, yale yote uliyoyarundika yakatoka kwa pamoja. Hilo ndilo jenereta ulilolisikia.

Usinisadiki mimi, jaribu. Weka toni tupu ya Hz 62, sauti ya wastani, usikae, tembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu njoo useme.

Na masela wako wa Mkunguni wala hawakukudanganya. Spika ya simu haitoi hiyo Hz 62 hata ukiibembeleza. Walisikia haihati, pembe na nzumari bila mvumo, na hizo pembe zako ni tamu kweli. Wao walisifu ngoma moja, watu wa Malindi wakapigwa na nyingine.

Dawa haina gharama kubwa. Geuza meza iegemee ule ukuta mfupi ili utazame urefu wa chumba. Usikae nusu ya urefu, hapo utaangukia shimo lingine, kaa kwenye theluthi hivi. Boksi la wufa litoe kwenye ukuta mrefu uliweke katikati ya upana, pale pale wimbi linapofia, boksi likikaa hapo haliliamshi. Nyuma yako weka godoro, mikeka, mapazia mazito, hayo yatanyonya makelele ya juu maana chokaa ya nyumba zenu inarudisha mwangwi kama msikitini, lakini besi hayaigusi. Na ukiambiwa na mtu ubandike trei za mayai ukutani, huyo mpe mayai akapike.


kaskazi_124

Fundi nimesoma mara tatu nimepata kizunguzungu. Miaka mitatu. Miaka mitatu nagombana na boriti za babu.

Nitajaribu usiku maana mchana mamangu amelala chumba cha chini.


Singeli_Kweli

Mimi niko Dar, nyie na hesabu zenu mmefika mbali lakini aliomba ukweli mchungu basi huu hapa. Miksi ingekuwa nzuri bado watu wangesimama. Bwana mdogo nimesubiri dakika mbili nzima kiki inagonga peke yake tu, du du du du, nikadhani faili limekwama. Huku singeli inaenda BPM 200 na zaidi, katika dakika zako mbili mtu ameshacheza, ameoa na ameacha.

Halafu kuna dakika 3 na sekunde 12. Pale pembe zinabaki zenyewe kama sekunde nane hivi. Nilinyanyuka kwenye kiti, sikudanganyi, nikasema sasa ndio anaanza. Ukaleta kiki ukaziua. Wewe una sekunde nane za ngoma na dakika sita na nusu za kuogopa.


kaskazi_124

Kaka singeli ni singeli na house ni house. Intro inawekwa ndefu makusudi ili dijei apate pa kuchanganyia, hiyo ni kawaida duniani kote sio kuogopa.


tano_tano

naingilia hapo kwa sababu wote mna haki nusu nusu. dijei anahitaji mlango ndio, lakini mlango sio korido. piga hesabu, BPM 124 ba moja ya mapigo manne ni sekunde 1.935, besi yako inaingia 2:04 maana yake umeweka ba 64 za kungoja. ba 32 zinamtosha dijei vizuri sana, hiyo ni dakika moja na sekunde mbili, na hata ndani ya hizo 32 kitu kiwe kinabadilika kila ba 8, hata kidogo, punje ya pembe tu kwa mbali ili mtu ajue kuna kitu kinakuja. unamwekea mtu harufu ya pilau mlangoni, sio unamfungia nje njaa ikimuuma

kingine, limita, kile kibanio cha sauti. umeibana mpaka -6 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) nimeangalia, wimbi lako limekuwa tofali, halipumui. labda unataka isikike kubwa kama za wenzio lakini Spotify kwa kawaida wataishusha irudi kwenye -14 wenyewe, kwa hiyo ule ukubwa unapotea halafu kinachobaki ni ile kubanwa. na ukilinganisha ngoma yako na ya mtu shusha ya mtu kwanza zilingane sauti maana sikio linapenda kilicho juu, litakudanganya kila siku

na wewe Mshtuko usimpeleke mwenzio kwenye madeni. mashine ya ngoma TR-808 ya Roland ilitengenezwa 1980 mpaka 1983 ikaachwa, watu walidai ile mashine hailii kama ngoma ya kweli, zikawa zinauzwa kuukuu kwa bei ya chini vijana wa Marekani wasio na kitu wakazinunua, leo dunia nzima inatafuta sauti ile ile. leptopu ya ram 4 inatosha kufanya ngoma, ukielemewa geuza traki ziwe faili za sauti za wav uendelee


BintiPembe

Mwanangu wa Mkomani mimi ni wa Langoni, na haya ya LUFS siyajui, lakini vugo nalijua toka nikiwa nabebwa mgongoni. Wasema wataka ukweli basi kaa kitako.

Kwanza hizo pembe umezipata wapi? Umesema harusini. Vugo ni la wanawake, na harusi zetu siku za wanawake simu hazitolewi mifukoni, mwenyewe wajua. Nimesikiliza pale dakika ya nne nyuma ya pembe kuna mtu acheka na kuna mtu aitwa kwa jina, na jina lasikika wazi kabisa. Huyo mtu ajua kuwa alichezwa Malindi mbele ya walevi? Sisemi ni mtoto mbaya, najua ulikuwa nje umesimama chini ya dirisha kama vijana wote wanavyosimama, lakini hiyo haikupi ruhusa. Iondoe faili hapa yeo, mengine baadaye.

Pili, umezinyoosha. Nilipoanza kusikiliza nikasema mbona hizi pembe zinatembea kama askari wa gwaride? Pembe zapigwa na wanawake kumi au ishirini na kila mmoja ana mkono wake, yule wa mbele awahi kidogo, yule wa nyuma achelewa kidogo, na baina yao ndipo mwili unapoingia kucheza. Wewe umechukua rula ukawapanga wote mstari mmoja, mwili hauna pa kuingia tena, na watu wa Malindi walisimama kwa hilo pia, si kwa besi pekee. Na vugo halihesabiwi nne nne kama unavyofanya. Jipigie mwenyewe kwenye paja polepole utasikia kila pigo kubwa lina matatu ndani yake, kama chakacha. Wewe umeligawa kwa manne ukalibana libanike.

Tatu nzumari. Mzee amekupigia vizuri, noti zake zimekaa pale anapotaka yeye zikae, baina ya vifunguo vya piano, ndiko utamu ulipo. Wewe ukamsahihisha! Sasa yalia kama honi ya bodaboda. Ungemwambia ana kwa ana kuwa akosea?

Na matari ya maulidi yaache yalipo. Msikiti wa Riyadha si stoo ya sauti za kuchezea baa. Hili sibishani nalo na mtu.

Zuri nililolisikia ni zile sekunde nane alizozitaja ndugu wa Dar. Hapo umesahau kunyoosha, au sivyo?


kaskazi_124

Faili nimelitoa. Walioshusha nawaomba mfute tafadhali.

BintiPembe shkamoo. Nimeona haya kweli. Nilikuwa nje chini ya dirisha kama ulivyosema na sikuwaza kabisa habari ya jina, nimerudi kusikiliza na hedifoni ni jina la dada yake bwana harusi, nimeshamwambia dijei afute yake pia. Lile jina lipo tangu Aprili na mi nimesikiliza hiyo sehemu labda mara mia tano, sikulisikia hata mara moja, nilikuwa nasikiliza ikwalaiza tu.

Na zile sekunde nane ndio, nilisahau. Niliburuta kipande kizima bila kukikata nikasema nitakinyoosha kesho. Kesho haikufika.


Singeli_Kweli

Hahaha kumbe uvivu ndio prodyuza mwenyewe


tano_tano

kuhusu mapigo matatu matatu, kwenye FL badilisha snapu ya piano roli iwe theluthi ya biti utaona gridi inajigawa tatu. lakini mi nisingeanza na gridi kabisa. tia rekodi nzima ya vugo kwanza bila kuikata halafu ndio utafute kiki inayoifuata. rekodi za watu hai zinaongeza mwendo zenyewe, inaanza labda 118 inaishia 127, usiirudishe kwenye 124 kwa nguvu, chora tempo ipande nayo. dijei atalalamika kidogo lakini wanaocheza hawatalalamika


FundiMitambo_MLD

Mimi nangoja ile toni ya 62.


kaskazi_124

Wadau nimerudi, ni siku tisa.

Fundi. Nimeazima futi kwa seremala wa jirani nikapima, mita 2 na sentimita 81. Nikaweka toni ya 62 saa tano usiku. Wallahi pale kwenye kiti changu kulikuwa kimya. Nikadhani waya umechomoka. Nikainama kuangalia, kichwa kilipokaribia ukuta ikaanza kunivuma masikioni kama pikipiki, nikarudi katikati, kimya, nikaenda ukuta wa pili, ikavuma. Nilitembea huku na huku kama mtu anayetafuta funguo, nacheka peke yangu, mpaka mamangu akapanda juu kuuliza friji ina nini. Nikamwambia simama hapo mama, sasa njoo hapa, akasimama akasikiliza, akasema nyumba hii ina mengi, akashuka.

Nimegeuza meza. Boksi nimeliweka katikati. Nilipofungua ngoma ile ya zamani sikuweza kuimaliza, ni mbaya ile kitu, nimewaelewa Wataliano. Besi nimeshusha desibeli 8 na bado nahisi ni nyingi. Ila nimeona kitu kingine, ngoma zangu zile tatu nilizomaliza mbili ziko kwenye B na moja kwenye C, zote ziko mle mle shimoni. Yaani nilikuwa nachagua ufunguo ambao nyumba hainisumbui nao nikadhani ndio ladha yangu.

Intro nimekata mpaka ba 32 na mengine nimepunguza, ngoma sasa ni dakika 4 na sekunde 50. Limita nimetoa kabisa kwanza. Nzumari nimerudisha ya mzee kama ilivyo na badala yake nimesogeza sinti (kinanda cha kompyuta) imfuate yeye, ilikuwa kazi ya usiku mzima, kila noti naisukuma kidogo kidogo, lakini sasa inalia mpaka paka wa uani ananyanyuka.

Pembe nimefuta zote. Nilienda kwa shangazi nikamweleza ukweli wote pamoja na la dirishani, akanigombeza robo saa halafu akauliza atalipwa nini. Tumekubaliana leso jozi moja, jina la leso achague yeye, na kwamba hakuna jina la mtu wala sauti ya mwanamke itasikika, pembe tu, na nikitaka kuipeleka popote nimwambie kwanza. Alikuja na wenzake watatu wakanipigia sebuleni kwake dakika kumi na mbili bila kusimama. Nimeweka kipande cha dakika moja na nusu hapo chini kwa ruhusa yake, nimekiweka na kiki mpya, sijakata wala kunyoosha chochote. Swali langu mara hii sio iko aje. Niambieni mlichoka wapi, sekunde ya ngapi.


tano_tano

sikuchoka. sekunde ya 41 kiki yako inakanyaga pembe, isogeze mbele kidogo sana au ipunguze unene pale kwenye Hz 200, basi. hii nyingine kabisa


Singeli_Kweli

Sekunde ya 70 hivi niliangalia simu. Kabla ya hapo sikuangalia. Kwa mtu wa house hiyo ni sifa usiniombe zaidi.


FundiMitambo_MLD

Besi shusha desibeli 2 tena. Ukija Malindi pita stoo kabla ya kwenda kwa dijei, tuifungulie nje. Jirani ameshaniuliza kama ile ya jenereta itarudi.


BintiPembe

Hapo kwenye 70 na mimi nilichoka, nikairudia kutaka kujua sababu. Mkono ni wa shangazi yako kweli, yaonekana ajua, lakini mwendo haupandi. Waanza vile na waisha vile vile. Walipokupigia walikuwa wamesimama au wameketi?


kaskazi_124

Wameketi. Niliwatandikia mikeka kabisa wasichoke.


BintiPembe

Basi mwanangu kanunue leso ya pili. Vugo halipigwi na mtu aliyeketi.